Kompyuta Iliyosalimu Kila Boma

Kaka yangu hakuwahi kupiga kambi kwenye mchanga wa laga kabla mimi sijajifunza kuandika programu. Laga ni mto usio na maji, na kwetu Isiolo mtoto hufundishwa kuuogopa kabla hajajua kuhesabu. Mvua inaweza kunyesha huko juu Laikipia, wewe huku chini ukaona anga jeupe tupu, na maji yakakukuta umekaa. Kwa hivyo wafugaji hujenga maboma yao ya miiba juu kwenye ukingo. Hushuka kunywesha mifugo, kisha hupanda. Wakati wa kiangazi kupanda na kushuka huko huua mbuzi dhaifu, lakini watu huvumilia.

Kaka alijenga chini, mchangani, hatua chache kutoka kwenye kisima chake. Wenzake walipomuuliza kama amechoka kuishi, aliwaambia, "Mimi niko na dada kwa kompyuta. Mto ikitoka huko juu ataniambia." Nilipoletewa maneno hayo mjini nilicheka na kujisikia mkubwa. Sina haja ya kuficha. Nilijisikia mkubwa.

Sisi ni Waturkana wa mjini. Babu alifika Isiolo zamani, akabaki. Tulizaliwa wawili. Mimi nilipelekwa shule, yeye akapelekwa mbuzini, na hakuna aliyeulizwa anataka nini. Karo yangu ilitoka kwenye zizi lake. Nilipopata kazi katika ofisi ndogo ya maonyo mjini, vyumba viwili vya mabati nyuma ya wauza miraa, alikuja na shuka lake begani, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hii ndiyo ilikula mbuzi zangu zote." Tulicheka mpaka mhasibu wa ofisi akatuomba tutoke nje.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza. Mtu wetu aliye kwenye daraja la mto, mbali huko juu Laikipia, akiona maji yamepanda anapiga simu. Mimi nabonyeza. Kompyuta yetu kubwa, ile seva ya kukodi iliyokaa sijui nchi gani, inatengeneza ukurasa wa onyo kwa kila wadi, na ukurasa ukishakamilika inatuma ujumbe mfupi kwenye simu za wafugaji. Ukurasa kwanza, ujumbe baadaye. Mpangilio huo niliuchagua mimi, kwa sababu kila wadi ilikuwa na msomaji wake aliyeuchukua ukurasa na kuusoma kwa kipaza sauti sokoni, na sikutaka simu ziseme jambo moja na kipaza sauti kiseme lingine. Wakati huo niliona ni busara.

Kurasa zenyewe zilitokana na violezo. Kiolezo ni barua yenye mapengo: hapa jina la boma, hapa jina la mto, hapa saa. Kuna programu inayokisoma, inajaza mapengo na kukupa ukurasa mzima. Wenye kazi hii huiita injini ya violezo, na dunia nzima inaitumia, kuanzia benki mpaka wauza viatu. Ile niliyochagua ilikuwa na amri moja tamu, amri ya "kwa kila". Unaandika mstari mmoja, "kwa kila boma, andika hivi," nayo inaandika mara nyingi kadiri ya maboma yaliyo kwenye orodha. Huhitaji kujua kompyuta kuielewa.

Na mimi, kwa ujanja wangu, niliwaachia wasomaji wa wadi waandike violezo vyao wenyewe. Niliona ni aibu mtu wa mjini kuwaandikia Waborana wa Kinna na Wasamburu wa Oldonyiro maneno ambayo hata salamu zake si zao. Niliwakusanya siku moja katika ukumbi wa kanisa, nikawafundisha. Mtu wa Kinna aliandika mistari mitatu akatosheka. Msomaji wa Oldonyiro ndiye aliyeipenda "kwa kila" kuliko wote. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mnyoofu mwenye miwani ya kamba, ambaye hajawahi kukuambia jambo lolote kabla ya kukuuliza hali ya watu wako mmoja mmoja.

Huko kwao habari haitangulii salamu. Ukimkuta mtu njiani unauliza amani yake, amani ya watoto, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya maji, ya majani. Naye anajibu kila swali, kisha anaanza yeye kukuuliza yale yale, nawe unajibu. Hata kama umekuja kusema nyumba yake inaungua, utauliza amani kwanza, labda kwa haraka kidogo. Zaidi ya hayo, Oldonyiro ilikuwa imetoka kwenye mwaka mbaya wa kuibiana mifugo, na mwalimu alikuwa na wazo. Akaniambia, "Mwanangu, hapa watu hawasalimiani tena. Mimi nataka kwa ukurasa yangu kila boma isalimie kila boma. Kwanza amani, halafu hiyo habari ya maji."

Akaandika. Kwa kila boma; na ndani yake, kwa kila boma lingine; na ndani yake, kwa kila mtu wa boma hilo; na ndani yake tena, kwa kila aina ya mfugo: serian? Yaani, kuna amani? Tuliijaribu pale pale kwa maboma matatu ya mfano niliyoyatunga. Ukurasa ulitoka mrefu kidogo. Alisimama akausoma kwa sauti, na Wasamburu waliokuwa ukumbini wakaitikia kila mstari, "Serian, serian," na mzee mmoja aliyekuwa amenuniana na mwenzake tangu asubuhi akaitikia pia. Niliguswa moyo. Nilihifadhi kiolezo hicho kama kiolezo cha mto cha Oldonyiro, nikarudi mjini nimefurahi.

Baadaye nikaunganisha orodha halisi. Oldonyiro ilikuwa na maboma mia sita na zaidi.

Mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba angeweza kufanya hesabu hiyo. Mia sita kwa mia sita, mara watu, mara aina za mifugo: salamu zaidi ya milioni kumi kwenye ukurasa mmoja. Sikuifanya. Na kwa kuwa kiolezo cha mto hutumika mto ukija tu, na kiangazi kilikuwa kimetushika koo, kiolezo kilikaa pale kimya miezi mingi bila kuguswa.

Kisha ikaja barua. Watu wanaoitunza ile injini huwatumia watumiaji wao baruapepe wanapogundua ufa. Niliisoma asubuhi moja nikinywa chai na mandazi. Ilisema kwamba ukiwaruhusu watu wa nje kuandika violezo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kiolezo kifupi sana, mistari minne tu, chenye "kwa kila" ndani ya "kwa kila", na seva ikafanya kazi hiyo mpaka iishiwe kumbukumbu na kuacha kumhudumia mtu mwingine yeyote. Si kwamba anaiba kitu. Anaifanya tu iwe na shughuli mpaka isiweze kujibu. Dawa ilikuwa toleo jipya, lenye kikomo: marudio yakizidi kiasi fulani, injini inakataa na kukuambia imekataa. Kulipandisha toleo hilo kungenichukua nusu siku.

Nilikaa na barua ile nikawaza, nani atanishambulia mimi hapa Isiolo, ngamia? "Mtu mwenye nia mbaya," walisema. Mimi sikuwa na watu wa nia mbaya. Nilikuwa na mwalimu mstaafu, na mzee wa Kinna aliyeandika mistari mitatu. Niliiwekea barua alama ya nyota, kwamba nitairudia, nikamaliza mandazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimejivika nguo yenyewe, nikaifunga vifungo.

Wiki kadhaa baadaye kaka alihamia karibu na Oldonyiro kutafuta maji, akachimba kisima mchangani, akajenga boma lake chini. Alikuwa na mbuzi wake, ngamia wachache, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mkimya mwenye mikono mirefu ambaye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote kuingia kisimani. Kisima cha mchanga huzidi kuzama kadiri kiangazi kinavyoendelea. Kufikia mwezi ule kilikuwa na kina cha watu wawili mmoja juu ya mwingine. Shemeji aliingia ndani na karai, akachota, akampasia kaka juu, kaka akamwaga kwenye hori, mbuzi wakanywa. Kaka alitundika simu yake kwenye tawi la mgunga juu ya ukingo, kwa sababu hapo ndipo netiwaki ilipofika, nayo ilifika ya kupokea ujumbe tu. Sauti aliifungua yote. Nilimtembelea mara moja. Nilipoona boma lilipo, sikungoja hata chai.

"Kaka, pandisha hii boma," nilimwambia.

"Kwani hiyo kompyuta yako imekufa?"

"Haijakufa."

"Sasa unaogopa nini? Mimi nimetoa mbuzi ngapi usome hiyo kitu? Wacha na mimi nikule matunda."

Shemeji yake alicheka kutoka ndani ya kisima. Niliisikia sauti yake bila kumwona. Nami badala ya kusisitiza nilikunywa chai yao ya maziwa ya ngamia, nikaondoka.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote mjini. Jua, vumbi, watu wakigombania kivuli cha duka la simu. Saa tatu na dakika kumi mtu wetu wa daraja alipiga. Hakupiga kelele, aliongea taratibu kwa namna ambayo mtu huongea akiwa anatazama kitu. "Imepita kwangu," alisema. "Imekuja kama ukuta. Ina miti ndani."

Nilibonyeza. Wadi ya kwanza kwenye foleni ilikuwa Oldonyiro, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na maji. Kwenye skrini yangu kile kiduara kidogo kikaanza kuzunguka.

Kilizunguka. Kwa kawaida ni kufumba na kufumbua. Nilihesabu mpaka mia, nikajiambia mtandao uko polepole leo. Nikafungua ukurasa mwingine kuangalia, haukufunguka. Nikajaribu kuingia kwenye seva yenyewe, kwa mlango wetu wa mafundi. Ikanikubalia herufi moja moja, na katikati ya kila herufi na nyingine ningeweza kusema Baba Yetu. Sikujua wakati ule kwamba kompyuta haikuwa imekwama. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kuliko siku yoyote ya maisha yake. Ilikuwa inauliza boma la kwanza, mtu wa kwanza, ng'ombe wana amani? Mbuzi wana amani? Punda wana amani? Kisha mtu wa pili.

Karibu saa tatu na nusu niliizima kwa nguvu na kuiwasha upya. Ilichukua muda kuamka. Ilipoamka ilitazama foleni, ikakuta kazi ya Oldonyiro bado iko mbele, na kwa uaminifu wake wote ikaanza kusalimu tangu mwanzo.

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Nilimpigia kaka, sikumpata, na nilijua kwamba sitampata, kwa kuwa mgunga ule ulipokea ujumbe tu. Lakini nilikuwa na vidole kumi na simu yangu mwenyewe mezani. Ningeandika "Toka mchangani" nikatuma, na ungefika. Sikulikumbuka hilo. Akili yangu yote ilikuwa ndani ya mashine, kama mtu anayehangaika na kufuli ilhali dirisha liko wazi. Nilisoma kumbukumbu za seva, nikatafuta kosa, nikailaani kampuni ya kukodisha, nikaona mistari ya serian, serian, serian ikipita isiyo na mwisho, na ndipo nikakumbuka ukumbi wa kanisa, na barua yenye nyota. Niliufuta ule mstari wa salamu, na ndipo hatimaye nikachukua simu yangu. Nikamwandikia kaka kwa mkono: "Maji inakuja. Toka sasa hivi." Kazi ya Oldonyiro niliiondoa kwenye foleni, maana mtu wa daraja alikuwa amepiga tena kuuliza kama watu walitoka, na nikajua kwa hesabu kwamba ujumbe wa wadi hauna tena wa kumwonya.

Kaka alinisimulia mara moja tu. Alisema mbuzi walisimamisha masikio. Alisema alisikia sauti kama lori, akashangaa lori limefikaje. Shemeji alikuwa chini kisimani, na karai lilikuwa linapanda juu, limejaa. Kaka aliliacha karai, akalala kifudifudi ukingoni mwa kisima, akanyoosha mkono. Alisema vidole viligusana.

Mbuzi walikwenda karibu wote. Wale ngamia walikuwa mbali malishoni, wakapona. Shemeji alipatikana siku ya tatu, mbali chini.

Wiki moja baadaye kulikuwa na kikao katika kanisa la mabati la Oldonyiro. Nilikwenda kwa niaba ya ofisi. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mmoja baada ya mwingine walisimama kusema hawakupata ujumbe wowote, na chifu akanigeukia akauliza, "Madam, hiyo mashine yenu ilikuwa wapi?" Nilisimama. Mwalimu mstaafu alikuwa ameketi mstari wa mbele na miwani yake ya kamba, akinitazama kwa huruma. Sijui ningesema nini. Mpaka leo sijui, na hilo ni jibu tosha juu yangu.

Kaka akasimama nyuma. "Mimi nilipata," alisema.

Watu wakageuka kumtazama.

"Dada aliniandikia na simu yake mwenyewe. Nilisikia ikilia. Nikasema wacha nimalize kunyweshea. Mimi ndiye nilichelewa." Akaitoa ile simu, akaishika juu ili waione, akairudisha mfukoni kabla mtu hajaiomba. "Hii ingine ni mambo ya netiwaki. Musisumbue huyu."

Kwa wafugaji kuna makosa ya bahati mbaya na kuna makosa ya kuambiwa. Aliyekumbwa na maji bila onyo huchangiwa. Kila jamaa huleta mbuzi mmoja au wawili mpaka aanze tena. Aliyeambiwa akakaa, mtu akafa, huyo haletewi kitu. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na watu wakainuka. Mke wa kaka, wifi yangu, alikuwa ameketi na wanawake. Hakulia. Alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Nilimkimbilia kaka nje. Nilimwuliza kwa nini amefanya hivyo. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akaendelea kuifunga.

"Wakikufukuza," alisema, "nani ataniambia mto ikija?"

Nilitaka kumweleza habari ya barua, kwamba niliisoma, kwamba nilikula mandazi. Aliniuliza tu, "Hiyo kitu umetengeneza?" Nikasema nimeitengeneza. Akasema, "Basi," akaondoka.

Ripoti ya ofisi ilisema hitilafu ya mtandao. Niliiandika mimi.

Ni kweli niliitengeneza. Nililipandisha lile toleo jioni ile ile ya mafuriko, nikaweka kikomo. Mwalimu alipiga simu baadaye kunilaumu kwamba mashine imekuwa na tabia mbaya, inamkatisha salamu. Nilimwambia ni sheria mpya kutoka juu. Sikumwambia salamu zake zilifanya nini, na Mungu akinisaidia sitamwambia kamwe.

Lakini baada ya kuziba ufa mmoja ndipo nilipoanza kuuona ukuta. Barua ziliendelea kuja. Ukiweka kikomo cha "kwa kila", kumbe kuna kiolezo kinachoweza kujiita chenyewe ndani yake, na hicho nacho kikajiita, mpaka seva ianguke. Ukizuia hicho, kuna njia ya kurudia neno moja mara milioni kwa amri moja tu isiyo na "kwa kila" hata kidogo. Ukizuia hiyo, kuna namna ya kutafuta neno ndani ya maneno ambayo herufi thelathini tu zinaweza kuishughulisha kompyuta mpaka kesho. Nilikuwa nikisoma kila barua siku ile ile inapofika, na kurekebisha siku ile ile, na kila nilipomaliza nilijua kwamba nimelindwa dhidi ya barua ya jana. Chakula kilinishinda. Anga jeupe lilinishinda zaidi. Mawingu yakitanda mjini nilikuwa na amani, kwa kuwa angalau kila mtu aliyaona.

Na kaka akarudi mchangani. Kiangazi kilichofuata alichimba tena, karibu na pale pale, akajenga chini. Hakuwa na mbuzi wa kutosha kuhimili kupanda ukingo, na hakuwa na mtu wa kumsaidia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuingia kisimani kwa mtu anayeambiwa akachelewa. Aliingia mwenyewe. Nilimtumia watu wawili kumsihi apande. Alirudisha jibu kwamba dada yake amesema imetengenezwa.

Wifi alikuja mjini mwezi uliopita, mchana, peke yake. Sikuwa nimemwona tangu siku ile kanisani. Nilijua kwa kusikia kwamba alimpikia mumewe na kumwekea bakuli chini, si mkononi, na kwamba hawakuwa wameongea neno lisilo la lazima tangu kikao. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akasalimu vizuri: watoto, mama, kazi, afya. Nilijibu yote. Kisha akafungua pembe ya leso yake akatoa simu ya kaka, ile ya zamani. Kaka alikuwa amenunuliwa nyingine.

"Wifi, nimekuja na neno," alisema. "Mimi sijasoma. Watu wa huko siwezi kuwauliza, watacheka mimi. Wewe ndiye uliandika hii ujumbe. Wewe ulijaribu, Mungu akubariki. Sasa nisomee saa."

"Saa gani?"

"Saa yenye iliingia kwa simu. Maji ilikuja wakati kengele ya shule ililia ya mapumziko, watoto wote waliona. Hiyo ni saa nne kamili. Mimi nataka kujua huyu mwanaume alikaa dakika ngapi baada ya kuambiwa. Alikuwa na muda gani ya kutoa ndugu yangu kwa hiyo shimo. Nikijua, nitaamua kama nitakaa kwake ama nitarudi kwetu."

Alininyooshea simu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Niliichaji. Ilichukua muda kuwaka, na sote wawili tulingoja tukitazama kioo kile kidogo. Niliufungua ujumbe. Maneno yangu yalikuwa pale, na chini yake saa.

Ningeweza kusema saa tatu na nusu. Ninalisema hilo kwa sababu nililifikiria. Kaka alikuwa amelipa tayari, ningemwachia tu aendelee kulipa.

"Saa nne na dakika ishirini na mbili," nilisema.

Niliona midomo yake ikihesabu.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hivyo alikuwa hajaambiwa," alisema.

"Hakuwa ameambiwa. Mashine ilikuwa imeshindwa. Nilipata barua miezi kabla, ikisema itashindwa, nikaiacha. Ni mimi, wifi."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alifunga pembe ya leso, ikiwa tupu, akaifungua, akaifunga tena.

"Mwaka mzima namwekea chakula chini," alisema. Kisha akainua macho. "Na leo nimemwacha kwa mchanga. Ako ndani ya kisima saa hii. Anasema hatoki huko, maji ikija wewe utamwambia."

Akanisukumia simu yangu iliyokuwa mezani.

"Mwambie sasa," alisema. "Si maji. Mwambie asikungoje tena. Mwambie apande."

Nilipiga simu, haikupatikana. Nikaandika kwa mkono, yeye akiwa amesimama begani kwangu akizitazama herufi asizozijua, nikautuma. Kisha tukakaa, mimi na yeye, tukingoja apande mpaka penye netiwaki ya kujibu.